Wacherokee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia na urithi wao

Wacherokee ni akina nani, na leo wako wapi?

Ni taifa la wenyeji wa asili wa Marekani. Wengi wanaouliza huanza kwa kudhani ni watu wa zamani waliobaki kwenye vitabu na filamu. La hasha. Leo kuna serikali tatu za Wacherokee zinazotambuliwa na serikali kuu ya Marekani, na kila moja ina viongozi wake, sheria zake na daftari lake la raia. Iliyo kubwa ni Cherokee Nation, yenye makao Tahlequah, Oklahoma, na raia zaidi ya 450,000. Mji huohuo ndio makao ya United Keetoowah Band, ambayo ni ndogo zaidi. Ya tatu ni Eastern Band, iliyobaki milimani North Carolina kwenye ardhi iitwayo Qualla Boundary. Hawana chifu mmoja wala msemaji mmoja. Ukisoma mahali kwamba "Wacherokee wamesema" jambo fulani, uliza kwanza ni serikali ipi iliyosema.

Cherokee Nation humchagua chifu mkuu kwa kura kila baada ya miaka 4. Ina baraza la wajumbe 17, mahakama, polisi, hospitali na hata namba zake za magari. Wilma Mankiller, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho, aliongoza kuanzia 1985 hadi 1995.

Kabla ya Oklahoma waliishi wapi?

Kwenye milima ya kusini ya Appalachia na mabonde yake, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya North Carolina, South Carolina, Tennessee, Georgia na Alabama. Lugha yao ni ya jamii ya Kiiroquois, ambayo ndugu zake wengi wako mbali kaskazini, upande wa New York na Kanada. Walikuwa wakulima wa mahindi, maharage na maboga, wakiishi katika vijiji vilivyojipanga kando ya mito. Mji wanaouhesabu kuwa mama wa miji yote ni Kituwah, karibu na Bryson City ya leo. Uliwatoka mikononi, ukalimwa na wageni kwa zaidi ya karne, na mwaka 1996 Eastern Band waliununua tena. Mlima mrefu kuliko yote ya Great Smoky, wenye mita 2,025, ulirudishiwa jina lake la Kicherokee, Kuwohi, Septemba 2024. Kabla ya hapo ramani ziliuita Clingmans Dome.

Wahispania wa Hernando de Soto walipita eneo hilo mwaka 1540. Biashara ya ngozi za paa na Waingereza ilishamiri katika karne ya 18, na pamoja na bidhaa ilikuja ndui. Mlipuko wa 1738 inakadiriwa uliua karibu nusu ya watu wote.

Ni kweli walikaa kwenye mahema ya ngozi na kuvaa mataji marefu ya manyoya ya tai?

Hapana. Hayo ni ya watu wa nyanda za magharibi. Wacherokee walijenga nyumba za miti zilizokandikwa udongo, na kando yake kijumba kidogo cha joto cha kulala wakati wa baridi. Mtu akikupigia picha katika mji wa Cherokee, North Carolina, mbele ya hema la ngozi, jua kwamba hema hilo liliwekwa kwa ajili ya watalii.

Koo saba ni zipi, na zilifanya kazi gani?

Ni ukoo wa Mbwamwitu, wa Paa, wa Ndege, wa Rangi, wa Nywele Ndefu, wa Buluu na wa Viazi Mwitu. Mtoto huingia ukoo wa mama yake. Baba ni mzazi, lakini kiukoo ni mtu wa upande mwingine, kwa hiyo aliyemfundisha kijana kuwinda na kumrudi alipokosea alikuwa mjomba. Nyumba na shamba vilikuwa mali ya mwanamke. Ndoa ikivunjika, mume ndiye aliyefungasha virago akarudi kwa mama yake. Ilikatazwa kuoa ndani ya ukoo wako, na vilevile ndani ya ukoo wa baba yako.

Ukoo ndio uliokuwa mahakama. Mtu akiuawa, ukoo wake ulidai uhai mmoja kutoka ukoo wa muuaji, si lazima wa muuaji mwenyewe, na deni likilipwa jambo limekwisha. Baraza lilifuta utaratibu huo mwanzoni mwa karne ya 19, likaweka polisi na mahakama. Tangu hapo nguvu za koo katika sheria zilipungua, na sauti ya wanawake pia. Katiba ya taifa lao ya 1827 iliwapa kura wanaume peke yao. Hilo halisemwi vya kutosha wakati watu wanaisifu katiba hiyo kuwa ni maendeleo.

Tatizo la siku hizi ni kwamba Mcherokee ambaye mama yake si Mcherokee hana ukoo, hata kama ni raia halali mwenye kitambulisho. Uraia na ukoo ni vitu viwili tofauti.

Mahakama iliwapa haki. Mbona wakafukuzwa?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na jibu lake linahitaji mpangilio wa miaka.

Mwaka 1828 na 1829 dhahabu ilipatikana kaskazini mwa Georgia, ndani ya ardhi ya Wacherokee. Jimbo likatangaza kwamba sheria zake ndizo zitakazotawala humo. Tarehe 28 Mei 1830 Rais Andrew Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji magharibi ya mto Mississippi. Wacherokee hawakushika silaha, walikwenda mahakamani. Kesi ya 1831 ilikwama kwa sababu Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wao si dola ya kigeni, hivyo hawawezi kufungua shauri pale moja kwa moja. Ya 1832 ilifunguliwa na mmisionari Samuel Worcester, aliyefungwa na Georgia kwa kukaa nchi ya Wacherokee bila kibali cha jimbo. Safari hii mahakama iliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya ardhi hiyo. Georgia ilipuuza, na serikali kuu haikuchukua hatua. Maneno maarufu ambayo Jackson anadaiwa kusema, kwamba jaji aliyeamua na atekeleze mwenyewe, yalianza kuchapishwa miongo baadaye. Hakuna uthibitisho kwamba aliyasema, ingawa mwenendo wake ulikuwa huohuo.

Kilichowamaliza kisheria ni mkataba wa New Echota, mji mkuu wao huko Georgia, wa 29 Desemba 1835. Uliwekwa saini na kikundi kidogo kilichoongozwa na Major Ridge, mwanawe John Ridge na Elias Boudinot, bila idhini ya Chifu Mkuu John Ross wala baraza. Ulitoa ardhi yote ya mashariki kwa dola milioni 5. Watu zaidi ya 15,000 waliandikisha majina yao kuupinga. Seneti iliupitisha 1836 kwa tofauti ya kura moja tu, nao ukatoa muda hadi 23 Mei 1838.

Kikundi cha Ridge hakikuhongwa, kama wengi wanavyodhani. Hoja yao ilikuwa kwamba Georgia imekwisha kugawa mashamba yao kwa bahati nasibu, na kubaki ni kuangamia. Lakini kuuza ardhi ya taifa bila idhini ilikuwa kosa la kifo kwa sheria ya Wacherokee, na Major Ridge aliijua vizuri. Tarehe 22 Juni 1839, baada ya safari ya kuhamishiwa magharibi kwisha, wote watatu waliuawa siku moja mahali patatu tofauti.

Njia ya Machozi, yaani safari hiyo ya kuhamishwa, ilikuwaje hasa?

Jenerali Winfield Scott aliingia na askari wapatao 7,000. Familia zilitolewa majumbani, mara nyingi na nguo walizovaa tu, zikawekwa kwenye maboma ya magogo na kambi za wazi kiangazi kizima. Humo ndimo vifo vingi vilipoanzia: kuhara damu, surua, kifaduro, maji machafu.

Makundi ya kwanza yalipelekwa na jeshi kwa njia ya mto mwezi Juni 1838. Ulikuwa mwaka wa ukame, kina cha mito kikapungua, joto likawa kali, watu wakafa kwa wingi kiasi kwamba Ross aliomba waliobaki wangoje majira ya kupukutika majani na wasimamie safari wenyewe. Akakubaliwa. Waligawanyika makundi ya karibu watu elfu moja kila moja, wengi wakitembea, mabehewa ya farasi yakibeba chakula, wazee na wagonjwa. Kungoja kuliwaokoa na joto, kukawaingiza kwenye baridi. Baadhi walikwama wiki kadhaa kusini mwa Illinois, kati ya mto Ohio na Mississippi, kwa sababu vipande vya barafu vilivyoelea vilizuia vivuko. Kundi la mwisho lilifika Machi 1839.

Wapatao 16,000 walihamishwa. Idadi ya waliokufa inayotajwa zaidi ni 4,000. Haya ni makadirio ya Elizur Butler, daktari na mmisionari aliyesafiri nao, na yanajumlisha maboma na safari. Hesabu za viongozi wa makundi ni ndogo zaidi kwa kuwa hazikuhusisha kambi. Ukiandika, andika "inakadiriwa".

Sasa wale wa North Carolina walibakije?

Wengine walikuwa wakiishi nje ya mipaka ya taifa, kwenye ardhi waliyomiliki kwa mikataba ya awali, hivyo amri haikuwahusu. Wengine walijificha milimani. William Holland Thomas, mzungu aliyelelewa kwao na kufanywa mwana, aliwanunulia ardhi kwa jina lake kwa sababu sheria ya jimbo haikuwapa haki hiyo. Ardhi hiyo ndiyo msingi wa Qualla Boundary.

Ni kweli walimiliki watumwa Waafrika?

Ndiyo, na ukurasa wowote unaoruka jambo hili haujakamilika. Hesabu ya 1835 ilionyesha watumwa weusi 1,592 katika taifa hilo, wengi wakiwa mali ya familia chache tajiri zenye mashamba ya pamba. Watumwa hao walitembea Njia ya Machozi pamoja na waliowamiliki, na ndio waliopika, kukata njia na kuchunga mifugo. Novemba 1842 kundi lao lilitoroka kutoka Webbers Falls, Oklahoma ya leo, kuelekea Meksiko. Walikamatwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliwagawanya Wacherokee. Stand Watie, ndugu yake Boudinot, alikuwa jenerali wa upande wa Kusini, na ndiye wa mwisho kusalimu amri, Juni 1865. Upande wa pili, baraza lililoiunga mkono serikali kuu lilifuta utumwa Februari 1863. Mkataba wa 1866 uliwapa waliokuwa watumwa na wazao wao haki zote za raia.

Haki hizo zilikuja kuminywa. Mwaka 2007 wapiga kura walibadili katiba ili raia awe mwenye damu ya wenyeji tu, na maelfu ya wazao hao wakawa hatarini kufutwa. Mwaka 2017 mahakama ya Marekani iliamua kwamba mkataba wa 1866 bado unafunga, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Cherokee Nation yenyewe iliondoa maneno "kwa damu" kwenye katiba. Uamuzi huo unaihusu Cherokee Nation peke yake.

Bibi yangu alisema tuna damu ya Kicherokee. Ninaweza kuwa raia?

Hadithi ya bibi haitoshi, wala kipimo cha vinasaba cha kununua mtandaoni. Kinachotakiwa ni jina la mtu kwenye orodha maalumu, na karatasi zinazokuunganisha naye.

Kwa Cherokee Nation orodha ni ile ya Tume ya Dawes, iliyoandikwa kuanzia 1898 wakati serikali kuu ilipovunja umiliki wa pamoja wa ardhi na kumgawia kila mtu kipande chake kabla Oklahoma haijawa jimbo mwaka 1907. Kwanza tafuta mzee wako wa moja kwa moja kwenye orodha ya mwisho, upate namba yake. Shangazi au ndugu wa babu hahesabiki. Pili, kusanya vyeti vya kuzaliwa au vya kifo vya kila kizazi kati yako na yeye, vilivyotolewa na jimbo na vyenye majina ya wazazi. Tatu, peleka maombi ofisi ya usajili ya Tahlequah. Hakuna kiwango cha chini cha damu. Eastern Band hutaka mzee aliyeko kwenye orodha ya Baker ya 1924 na angalau sehemu 1 kwa 16 ya damu. Keetoowah hutaka 1 kwa 4.

Makosa ni yaleyale. Cheti cha hospitali chenye nyayo za mtoto hakikubaliwi. Mzee aliyeomba kwa Dawes akakataliwa huwa yuko kwenye faili, na watu hudhani kuwepo kwenye faili ni kuandikishwa. Wengine mzee wao alikuwa Mcherokee kweli ila alikuwa amehamia Texas wakati wa uandikishaji, na hilo halina dawa. Hata zamani madai yalizidi ukweli: malipo ya fidia yalipotangazwa 1906, maombi zaidi ya 45,000 yaliletwa kwa niaba ya watu wapatao 90,000. Waliokubaliwa ni kama theluthi moja.

Ukiombwa ada na kundi linalojiita la Kicherokee ambalo si mojawapo ya zile serikali tatu, funga mfuko wako.

Maandishi ya Sequoyah yanafanyaje kazi?

Sequoyah alikuwa fundi wa fedha asiyejua kusoma lugha yoyote. Alianza kwa kuweka alama moja kwa kila neno, akaona hazimaliziki, akageukia silabi. Mwaka 1821 alionyesha hadharani kwamba yeye na binti yake mdogo wanaweza kupelekeana ujumbe ulioandikwa. Baraza liliyakubali mwaka 1825, na tarehe 21 Februari 1828 gazeti la Cherokee Phoenix lilitoka New Echota kwa lugha mbili, Boudinot akiwa mhariri.

Aliyefundishwa kusoma kwa a-e-i-o-u na ba-be-bi-bo-bu ana nusu ya kazi mkononi. Kuna alama 85 zinazotumika, karibu kila moja ni silabi nzima, iwe irabu peke yake au konsonanti na irabu. Isiyofuata ni alama ya "s" peke yake. Irabu ni sita: zile tano tunazozijua na ya sita ya puani, ambayo kwa herufi za Kilatini huandikwa "v". Hapo ndipo wageni wengi hukosea, wakatamka "v" kama ya "vitu". Kosa la pili ni kusoma maumbo kwa mazoea: umbo kama D husomwa "a", kama W ni "la", kama R ni "e", kama M ni "lu", kama H ni "mi". Jina la lugha, Tsalagi, huandikwa ᏣᎳᎩ.

Maandishi hayaonyeshi toni wala urefu wa irabu, na mara nyingi hayatenganishi "g" na "k". Msomaji hujaza hayo kwa kuijua lugha. Ndiyo maana unaweza kukariri alama zote kwa wiki chache na bado usielewe ukurasa mmoja.

Kwenye simu, ongeza kibodi ya Kicherokee katika mipangilio ya lugha. iPhone imekuwa nayo tangu 2010. Ukiona vijisanduku vitupu, kifaa hakina fonti. Noto Sans Cherokee ni ya bure. Herufi ndogo ziliingizwa Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, mwaka 2015, kwa hiyo fonti za kabla ya hapo huonyesha herufi kubwa tu.

Lugha bado inazungumzwa?

Waliokua nayo tangu utotoni ni kama 2,000, na wengi wamevuka miaka 60. Mwaka 2019 serikali zote tatu zilitangaza hali ya dharura ya lugha. Shule ya watoto ya Tahlequah iliyoanza 2001 hufundisha kwa Kicherokee mwanzo hadi mwisho wa siku, na North Carolina wana ya kwao. Kwa watu wazima, mpango unaoonekana kuzaa matunda ni ule unaowalipa wanafunzi ili wakae na wazee saa 40 kwa wiki kwa miaka miwili. Masomo ya saa moja jioni hayazalishi wazungumzaji. Kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na hata umbo la kitu kinachoshikwa: kumpa mtu maji, kumpa fimbo na kumpa kitambaa ni vitenzi tofauti.

Mkate wa maharage unapikwaje?

Anza na mahindi makavu ya punje laini yenye wanga mwingi. Chekecha majivu ya mti mgumu, kama kikombe 1 kwa vikombe 2 vya mahindi, uyachemshe pamoja na maji ya kutosha kufunika. Usitumie majivu ya msonobari au yaliyochanganyika na karatasi na plastiki. Usitumie sufuria ya alumini kamwe, maana maji ya majivu huila na kuharibu chakula. Chuma cha pua au chungu cha chuma kinafaa. Maganda yakianza kuchubuka ukisugua punje kwa vidole, mwaga, osha kwa maji mengi mara kadhaa hadi utelezi uishe. Yakioshwa haraka mkate utakuwa na ladha ya sabuni.

Twanga kwenye kinu yangali na unyevu. Chemsha maharage kando hadi yaive, umwage pamoja na mchuzi wake ukiwa moto kwenye unga, ukande upate donge linaloshikana. Usitie chumvi humo, wapishi husema donge litavunjika likipikwa. Gawa vibonge bapa, funga kwa majani mabichi ya mahindi, funga kwa kamba ya jani hilohilo, chemsha kama saa moja. Huliwa na mafuta ya nyama.

Majivu si mapambo. Hulegeza niasini, aina ya vitamini, iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalipotoka Amerika na kusambaa Ulaya na Afrika, utaalamu huo haukusafiri nayo, na ndiyo sababu pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, ulizikumba jamii nyingi zilizotegemea mahindi matupu.

Vikapu vya mwanzi vya kusukwa mara mbili ni vipi, na kwa nini ni ghali?

Ni vikapu viwili katika kimoja. Msusi huanza kitako cha ndani, hupanda hadi mdomoni, hukunja vipande vilevile kuelekea chini na kusuka ukuta wa nje hadi kitako tena, bila kuunga. Mwanzi wa mtoni hupasuliwa mara nne, nyama ya ndani ikabanduliwa na kukwanguliwa hadi ubaki ukanda mwembamba unaong'aa. Kupasua na kukwangua huchukua muda mrefu kuliko kusuka. Mizizi ya jozi nyeusi hutoa kahawia iliyokolea, na mzizi wa mmea uitwao bloodroot hutoa rangi ya machungwa. Kanda huchemshwa humo kwa saa nyingi.

Ujuzi huu ulikaribia kupotea North Carolina hadi Lottie Stamper alipoufufua na kuufundisha shuleni katikati ya karne ya 20. Shida ya sasa ni malighafi: imebaki takriban asilimia 2 ya vichaka vya mwanzi vilivyokuwepo zamani, vingine vimefyekwa kwa mashamba na malisho.

Ukinunua, uliza jina la msusi na serikali aliyosajiliwa. Sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kuuza kazi isiyo ya mwenyeji kwa jina la wenyeji. Qualla Arts and Crafts Mutual, ushirika wa mafundi ulioanzishwa 1946, ni mahali salama pa kuanzia.

Nikitembelea, naweza kupiga picha ngoma?

Inategemea ngoma. Kwenye sikukuu ya Cherokee National Holiday huko Tahlequah, mwishoni mwa wiki ya Sikukuu ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, piga tu. Kwenye viwanja vya ibada, ambako wanaume huimba kwa kuitikiana kuzunguka moto na wanawake kushika mdundo kwa magamba ya kobe waliyofunga miguuni, usipige picha wala usirekodi, na usiende bila kualikwa.